Mhina katika Kinyungu cha Bibi

Ipogolo, Iringa
17 Juni 1956

Baba mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristu. Sisi huku wazima, isipokuwa goti la Bibi, ambalo likiona baridi linakataa kupanda kilima. Mama hajambo? Mtoto ameanza kutambaa? Nasikia huko Mbeya asubuhi nyasi huwa nyeupe kwa baridi. Ni kweli, au watu wanatudanganya?

Bibi ameniambia nikuandikie habari ya kinyungu. Kwa goti lile hawezi kukilima, matuta yote yale ya bondeni, kiangazi hiki, nami shule inaniachia jioni tu. Basi amekipangisha. Aliyekichukua ni Bi Mwantumu, mjane wa yule mwenye duka la nguo karibu na msikiti, mtu wa Kilwa. Atapanda vitunguu na nyanya za kupeleka sokoni. Kila akivuna, kikapu cha kwanza ni cha Bibi. Mvua zikianza anaondoka. Walipatana mimi nikiwa katikati, Kihehe kwenda Kiswahili na kurudi, jasho linanitoka. Unanijua. Sista anatufundisha asubuhi kwa Kiingereza na mchana kwa Kiswahili, nami hunyamaza katika zote mbili.

Kwenye karatasi lakini nasema. Nakuungamia, Baba: napenda kumchungulia Bi Mwantumu. Anateremka bondeni na buibui lake, akifika analitundika kwenye matete, anafunga kanga kiunoni, analima huku akiongea na miche. "Wewe mbona umenuna? Maji si ulikunywa jana?" Mimi najificha nyuma ya mahindi makavu nacheka.

Juzi alileta mche mmoja katika kopo, akaupanda kona ya juu, karibu na mlango wa maji. Si kitunguu, si nyanya. Majani madogo, mawili mawili, kijiti kigumu. Nimeona haya kumwuliza. Wewe unaujua?

Mwanao,
Tekla

---

Mbeya
2 Julai 1956

Mwanangu Tekla,

Marahaba. Sisi tu wazima, Mungu anatulinda. Mtoto hatambai, anajiviringisha tu kama gunia. Nyasi nyeupe ni kweli. Juzi niliacha ndoo nje ya karakana, asubuhi nikakuta kioo juu ya maji. Mama yako alikionja.

Bibi amefanya vizuri. Kinyungu kisipolimwa, mfereji nao unalala, na majirani wananung'unika.

Huo mche sikuujua kwa maelezo yako. Ukivunja kijiti, kinatoa maziwa? Ndani ni cheupe au cha njano? Mwulize mwenyewe. Ni mama mtu mzima, hatakuuma. Halafu niandikie, maana hata mimi sasa nataka kujua.

Baba yako,
Bartholomeo

---

Ipogolo
22 Julai 1956

Baba mpendwa,

Shikamoo. Afya zetu ni nzuri, na goti ni lile lile.

Nimeuliza! Ilinichukua jioni nyingi za kumsogelea na kurudi nyuma, mpaka yeye mwenyewe akasema, "Njoo hapa, panya wangu wa mahindi. Unadhani sikuoni?"

Ni mhina. Majani yake yakisagwa yanatia rangi nyekundu mikononi na miguuni, na bibi harusi wa kwao haolewi bila hiyo. Bintiye Mwanakhamisi anaolewa mvua zikianza. Dukani hina ya unga ipo, lakini anasema ile ni vumbi la safari, na yeye mwanawe atapakwa jani bichi kama alivyopakwa mwenyewe. Mche ametumiwa toka Kilwa, umebebwa na utingo wa lori, amekaa nao magotini kama mtoto.

Nikawa naunywesha jioni jioni. Nilitaka kuona utafanyaje.

Sasa shida. Mzee Kalinga, msimamizi wa mfereji, alipita kugawa zamu za maji. Akasimama mbele ya mhina muda mrefu. Hakusema na Bi Mwantumu, alikuja moja kwa moja kwa Bibi. Kwamba mpangaji hapandi kitu kinachobaki ardhini mvua zikirudi. Mtu akipanda mti, amepanda na miguu yake pale, haondoki tena. Siku ya kuzibua mfereji wazee wanapita kila kinyungu, na mti wa nani umesimama wapi ndivyo wanavyokumbuka ardhi ni ya nani. Ukikutwa pale, watoto wa Bi Mwantumu wataweza kusema kona ile ni yao, pamoja na mlango wa maji. Bila mlango wa maji kinyungu ni majani tu.

Bibi hakumtajia Bi Mwantumu sharti hilo walipopatana. Anasema angelitajaje? Ni kama kumwambia mgeni asilale kitandani kwako.

Nimwambie nini, Baba? Kwa sauti gani?

Mwanao,
Tekla

---

Mbeya
5 Agosti 1956

Tekla,

Sisi wazima. Naandika haraka, lori linaondoka.

Mti ung'olewe kabla ya siku ya mfereji. Kinyungu kile babu yako alikichimba kwa mikono, na mimi nikirudi sina kingine. Bi Mwantumu ni mtu mwema, sikatai. Mwambie kwa heshima, lakini mwambie. Asipoung'oa, ung'oe wewe.

Baba yako

---

Ipogolo
9 Septemba 1956

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya. Bibi mzima, mimi mzima. Mtu aliyebeba barua hii akirejea huku umpe majibu, usimwache arudi mikono mitupu.

Nilimwambia. Mara ya kwanza sauti haikutoka, nikamsaidia kupalilia nikarudi nyumbani. Mara ya pili nilisema yote nikitazama kitunguu. Akaniuliza, "Kitunguu ndicho kinachonifukuza, au wewe?" Kisha akaeleza, naye hakuwa na hila hata kidogo. Kwao mti ni wa aliyepanda na ardhi ni ya mwenyewe, wala hawagombani. Mnazi wa marehemu baba yake umesimama katika shamba la watu wengine, na kila mwaka kaka zake wanaenda kuangua nazi, wanapikiwa na chai. "Ardhi yenu nitaila na nini, mwanangu? Mimi nataka jani." Akakataa kuung'oa. Mhina uking'olewa na aliyeupanda kabla ya harusi, kwao ni mkosi.

Siku ya mfereji walikuja wote na majembe. Tope lilitolewa mpaka mchana, watu wanataniana, kisha wazee wakaanza kupita. Walipofika kwetu Mzee Kalinga akamwuliza, "Mama, hii mti ya nani?"

"Wangu," akasema Bi Mwantumu. "Kwani kuna mwingine aliyeutoa Kilwa?"

Bibi alinitazama. Nikakumbuka maneno yako, Baba, nikachukua jembe nikaung'oa na udongo wake. Bi Mwantumu alipiga kelele. Lakini mikono yangu haikutaka kuutupa. Nikasogea hatua chache, nikachimba, nikaupanda tena, nikaukanyagia udongo.

"Nani amepanda?" akauliza Mzee Kalinga.

"Mimi."

"Masikio yangu yana tope. Nani?"

"Mimi! Tekla, binti Bartholomeo!" Baba, nilipaza sauti mpaka walio ng'ambo ya bonde wakageuka. Kijana mmoja akasema kumbe huyu ana mdomo, wakacheka, na wazee wakapita. Mti wa mwenye ardhi, katika ardhi yake. Hakuna neno.

Nilidhani Bi Mwantumu atafurahi kwamba mche ni mzima. Alichukua buibui lake kwenye matete. "Wengine huiba usiku," akasema. "Ninyi mmeniibia mbele ya wazee." Hajarudi bondeni tena.

Mhina umepukutisha majani yote.

Mwanao,
Tekla

---

Mbeya
30 Septemba 1956

Mwanangu,

Marahaba, na mama yako anakusalimu sana. Mtoto sasa anatambaa, anakula maranda ya mbao.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, na mama yako nimemsomea. Nilikasirika kwa sababu nilikuambia ung'oe, sikukuambia upande. Kisha nikacheka. Kisha nikakaa nikawaza: ardhi tumeilinda, sawa, lakini kwa hesabu ya Kilwa tumechukua mti wa mtu. Na kwa hesabu yetu hatukuchukua kitu. Wote wawili tuna haki, na yeye ndiye anayelia. Sijui fundo hilo linafunguliwaje.

Vitunguu vyake nani anavinywesha? Mti umechipua? Uwatajie wazee jina langu pole pole siku nyingine, nisije nikasikika mpaka Mbeya.

Baba yako,
Bartholomeo

---

Ipogolo
11 Novemba 1956

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mawingu yamekaa juu ya kilima tangu juzi, na goti la Bibi limesema mvua ni wiki hii. Sisi wazima.

Vitunguu nilivinywesha mimi, zamu yake yote, na nilimpelekea mlangoni magunia kwa magunia kwa punda wa jirani. Kikapu cha kwanza nilichukua kwa ajili ya Bibi, kama walivyopatana. Kila mara alipokea, akasema ahsante, akafunga mlango.

Mhina ulichipua. Kwanza kijicho kimoja chekundu, halafu vingi. Nilikuwa naenda kuvitazama hata kabla ya Misa.

Jana aliteremka bondeni na Mwanakhamisi, ambaye sasa ni mwali wa ndani, haruhusiwi hata kupigwa na jua, amefunikwa kanga kichwa kizima. Harusi Ijumaa. Bi Mwantumu akasimama nje ya matuta, hakukanyaga ndani. "Hodi, mwenye mti," akasema. "Nimekuja kuomba majani." Nikaona lilivyomwuma neno lile kuomba, mtu mzima, mbele ya mwanawe.

Nikamwita Bibi, akaja na fimbo yake. Nikamfasiria. Bibi akaniambia nimjibu mwenyewe, mimi ndiye niliyepanda.

Nikasema, nikimtazama usoni: "Bi Mwantumu, ardhi ni ya Bibi, na mti wazee wamesikia ni wangu. Majani siku ile hakuna aliyeyataja, basi bado ni yako."

Akavua viatu, akaingia, akaanza kuchuma.

Mwanao,
Tekla