Nani Atamwitikia Mwalimu

Baba,

Nyumbani nilikuita hivyo. Shuleni nilikuita Mwalimu, kwanza nikiwa mwanafunzi wako, na baadaye nikifundisha darasa la jirani huku sauti yako ikinifikia ukutani. Leo nilisita niandike lipi, nikaona nishike la nyumbani.

Tulikuzika Werugha, kando ya mama yako, kama ulivyotaka. Ukungu haukuondoka siku nzima, na wageni waliopanda kutoka Voi na mashati yao mepesi walitetemeka mpaka ungewacheka. Shangazi Wakesho alinishika mabega akasema, "Lia, mwanangu, usijifungie." Nikamwambia ngoja nigawe chai kwanza. Niligawa chai mpaka watu wakaisha.

Sikulia, Baba. Nakula, naoga, napiga nguo pasi, na chakula hakina ladha yoyote. Watu wananisifu kwamba nimejikaza. Sijajikaza. Hakuna kitu ndani cha kukaza. Viatu vyako bado viko mlangoni, vimeelekezwa nje, vinang'aa vile ulivyozoeshwa jeshini. Navipita kila asubuhi kama vya mpangaji.

Jumatatu mwalimu mkuu aliniita ofisini. Alinipa pole, kisha akasema Gredi ya Sita haina mtu. "Ukichukua wewe, sawa. Ukikataa, itabidi tuwagawe kwa hizo darasa zingine." Alinipa mpaka Ijumaa. Ulikuwa umebakisha muhula mmoja tu ustaafu, na darasa lako la mwisho lilikuwa linangoja neno langu. Nilitaka kukataa. Nilishaanza kuwaza uhamisho wa kwenda Bura, shule yoyote ambayo hakuna mtu angeniita binti ya Mwalimu.

Jumatano mwalimu wa zamu akaingia darasani kwako na rejista. Akaita jina la kwanza, kimya. La pili, kimya. Akadhani wanamfanyia utundu. Akawasimamisha wote, akaja kunitafuta amevimba kwa hasira. "Watoto wa baba yako wamegoma!" Nikajua papo hapo. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kwako mtoto hajiitikii mwenyewe.

Sababu yake ulinieleza mara moja tu maishani, tukichambua maharagwe. Ulikuwa kijana wa milimani, maji mengi uliyoyajua ni ya pipa la nyanya yako, na ukaenda kuingia jeshi la wanamaji bila kujua kuogelea. Ulisema safari yako ya kwanza ulitapika hata maji uliyoyaona kwa macho tu. Nilicheka sana hapo. Kisha ukaacha kucheka ukaendelea. Siku moja melini majina yaliitwa, na rafiki yako hakuwepo kwenye mstari. Ulidhani amejificha mahali kalala, ukamwitikia wewe ili asiadhibiwe. Kumbe alikuwa ameanguka chini ghalani, amezimia kwa joto, na hakuna aliyemtafuta kwa sababu wewe ulisema yuko. Alipona. Wewe sidhani.

Ulipomaliza mkataba wako ukaenda chuo cha ualimu, na Babu akauliza ni mtu gani mwenye akili timamu anayeacha mshahara wa jeshi akafuate chaki. Ukamjibu kwamba jeshini hakuna anayekuuliza kwa nini. Na tangu darasa lako la kwanza ukaweka sheria ile. Kila mtoto ana mwenzake. Ukiita Mwakio, anayejibu ni jirani yake, na kabla hajajibu lazima amgeukie amtazame vizuri. Yuko, lakini ana homa. Yuko, lakini hajanywa uji. Ndiyo maana ulijua shida za watoto kabla ya wazazi wao, na walimu wenzako wakakuona mchawi.

Basi nikaingia kuwatuliza tu, si kufundisha. Nikaita majina. Wakageukiana, wakatazamana, wakaitikiana, na mwalimu wa zamu akabaki mlangoni mdomo wazi. Mwishoni akabaki Mkawasi. Unamkumbuka, yule wa dawati la mbele aliyekosa wa kukaa naye, ukasema basi mwenzake ni wewe. Alisimama bila kuitwa. Akakigeukia kiti chako, akakitazama kama sheria inavyotaka. "Mwenzangu hayuko," akasema.

Wiki nzima nilikuwa nimesikia kwamba umetangulia, umepumzika, umelala. Hakuna aliyeniambia hauko. Nikakaa kwenye kiti chako. Mkawasi akanitazama mimi sasa, muda mrefu, bila aibu, kisha akawageukia wenzake. "Huyu yuko," akawaambia, "lakini hajalia."

Nikalia, Baba. Mbele ya Gredi ya Sita nzima, na chaki mkononi. Hawakucheka. Mmoja aliniletea maji kwa chupa yake, wengine wakangoja tu, kana kwamba walikuwa wamefundishwa na hilo pia. Haikuchukua muda. Kufikia chakula cha mchana ganzi ilikuwa imerudi, na imo hata sasa ninapoandika. Lakini kabla ya kengele ya jioni kulia nilimwambia mwalimu mkuu asiwagawe. Nawachukua.

Nenda salama, Baba. Huko uliko, akikuita mtu, sijui nani anakuitikia, na hilo linaniuma kuliko yote. Huku nakuahidi hivi: sitamwambia mtu kwamba mtoto yuko kabla sijamtazama. Na asubuhi, Mkawasi akinigeukia mimi, sitaficha uso.

Binti yako,
Mghoi