Kaa Wafike Wazima

Jumatatu, 5 Mei 2025

Nimeanza kazi.

Miaka mitatu nimeendesha bajaji hapa Kibiti. Stendi hadi hospitali, stendi hadi sokoni. Sikuwahi kuogopa. Kisha nikaenda chuo cha udereva, nikapata leseni daraja E, ya magari ya mizigo, nikajiona mtu. Leo nimepanda Kanta, lori la tani nne, nikajiona kuku!

Bosi wangu ni Bi Johari. Ananunua kaa wa matope kutoka visiwani – kwetu Maparoni, Mbwera, kote huko – anawapeleka uwanja wa ndege Dar wakiwa hai. Ana Kanta mbili. Maelezo yake hayakuzidi dakika tano. Maboti yanashusha Nyamisati asubuhi. Saa kumi jioni geti la mizigo linafungwa. Ndege haikungoji na kaa naye hangoji. Akipigwa na joto anatoa povu, anakufa, na aliyekufa hana mnunuzi. Nina wiki mbili za majaribio. Gari likiwa na mzigo, kwenye lami nisiguse usukani mpaka aseme yeye.

Nimepangwa gari moja na Mzee Mtoro. Miaka ishirini na saba kwenye barabara ya Kilwa. Mrefu, mkimya, barakashia haimtoki kichwani. Leo nilikuwa abiria tu. Tulipotoka Nyamisati akasema, "Nisimulie barabara."

Sikuelewa.

"Sema unachokiona. Chote. Dereva mgeni akisema anachokiona hasinzii."

Basi nikasema mpaka koo likakauka. Baiskeli kushoto. Mbuzi wawili. Lori linakuja. Tuta. Tukafika saa tisa na nusu. Kaa wazima. Mimi nusu.

Jumanne, 6 Mei

Leo nimeendesha! Nyamisati hadi Bungu, njia ya udongo, mvua ilipiga tangu alfajiri. Matenga yamejaa nyuma, kaa wamefungwa magando wanakwaruzana – unawasikia ukizima redio. Wanasikika kama mvua ndogo juu ya makuti.

Kwenye kilima cha kwanza nikakosea gia. Kanta ikazima. Ikaanza kurudi nyuma. Nyuma kuna bodaboda, mwanamke kapakiwa na ndoo yake, wote wananikodolea macho! Nikapiga kelele. Mzee Mtoro wala hakusogea. "Breki ya mkono. Sasa klachi. Sasa pumua." Nikapumua. Ikapanda.

Bungu nikamwachia usukani. Nikamwambia labda kazi hii si yangu. Akajibu kwamba asiyeogopa gari ndiye anayeua watu. Sauti yake ilikuwa ya upole kuliko ya jana.

Mkuranga karani mmoja wa ushuru alituletea karatasi ya kusaini. Mzee akanisogezea mimi. Miwani ameisahau nyumbani, amesema.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua kubwa. Wipa moja haifanyi kazi, ya upande wangu.

Mzee aliendesha lami yote akiwa ameganda, kidevu kiko juu ya usukani. Mimi nasimulia. Nikinyamaza hata kidogo ananisukuma kwa kiwiko: endelea, endelea. Nikasema basi linakuja. Akauliza, "Liko mbali?" Nikacheka. Nilidhani ni mtihani. Taa zake zilikuwa kubwa kama sinia!

Halafu nikaacha kucheka.

Usiku huu nimejiuliza mara nyingi. Nimejijibu kwamba mimi mgeni, sijui kitu. Mtu wa miaka ishirini na saba barabarani hawezi kuwa na tatizo akakosa kujulikana.

Mdogo wangu Shamsia, ninayekaa naye chumba kimoja, kauliza mbona sili. Nimesema tumbo.

Jumamosi, 10 Mei

Siwezi kuandika vizuri. Nitaandika hivyo hivyo.

Tulikuwa tumepita Kimanzichana. Jua kali baada ya mvua, lami inang'aa. Simu yangu ikaita, mama kutoka Maparoni. Kule mtandao ni wa kubahatisha, akipata ni lazima upokee. Nikazungumza naye dakika mbili hivi, nguruwe wameingia kwenye mpunga, kaka kaenda kuwafukuza. Dakika mbili tu sikusimulia!

Nikainua macho. Mbele yetu, kushoto, mzee wa baiskeli na magunia mawili ya mkaa. Mbele yake, upande wa kulia, basi linakuja. Na sisi tunaenda moja kwa moja kama barabara ni tupu. Hatupunguzi. Hatukwepi. Nikasema "Mzee!" Akasema "Nini?" – hivyo tu, nini, kwa sauti ya mtu aliyekaa kibarazani.

Nikavuta usukani. Sijui nilivuta vipi. Basi likapita na honi yake, kioo chetu cha kulia kikaenda. Mtu wa mkaa akaingia kwenye nyasi na baiskeli yake. Nimemwona kwenye kioo cha upande wangu akisimama, anajipangusa, anatutukana. Alhamdulillahi anatutukana!

Mzee akasimamisha gari mbele, chini ya mwembe wa watu. Mikono yake ikabaki kwenye usukani.

"Alikuwa nani?"

"Baiskeli. Ya mkaa."

"Amekufa?"

"Hajafa."

Akalia. Sijawahi kumwona mwanamume wa umri ule akilia. Hakuficha uso.

Jicho la kulia halioni tangu mwaka jana. Sukari. Jicho la kulia – ndilo la upande wa magari yanayokuja! La kushoto, amesema, ni kama kuangalia kupitia chandarua. Barabara anaijua kwa mwili. Kila tuta, kila kona. Kinachomshinda ni vile vinavyotembea.

"Watoto wangu wadogo bado wanasoma, Subira. Leseni inaisha Septemba, na mimi nitaisha nayo. Nisitiri, mwanangu. Mungu naye atakusitiri."

Nikasema sawa. Kwa nini nilisema sawa? Kwa sababu alikuwa analia. Kwa sababu ndiye aliyeniambia pumua.

Tumekubaliana: lami naendesha mimi, na Bi Johari asijue. Kioo tumesema kimegongwa gari likiwa limeegeshwa. Kaa walifika. Watatu tu walikufa.

Jumapili, 11 Mei

Hakuna safari. Nimefua. Nimesali. Sijamwambia Shamsia.

Kila nikifumba macho, magunia ya mkaa.

Jumatatu, 12 Mei

Nimeendesha Nyamisati hadi uwanja wa ndege. Mimi! Mzigo wote!

Nilikuwa naogopa kila kitu. Malori ya saruji. Mabasi ya Lindi na Mtwara yanayokupita kama umesimama. Trafiki na tochi zao za kupima mwendo. Pale Vikindu trafiki akanyoosha mkono, nikasimama. Akaangalia leseni, akaniangalia, akaiangalia tena. Akauliza huyu mzee pembeni ni nani. "Mwalimu wangu," nikasema. Mzee Mtoro akainamisha kichwa. Trafiki akaturuhusu.

Mbagala foleni. Saa tisa kasoro dakika kumi. Saa tisa na robo. Nyuma kaa wanakwaruzana, jua linachoma turubai. Mzee akashuka na ndoo, akawamwagia maji kwa kupapasa tenga moja baada ya lingine, vidole vyake vinahesabu. Akarudi akaniambia niache kuangalia saa. Niangalie gari la mbele. Saa haiendeshwi.

Tukaingia getini saa kumi kasoro dakika kumi na tano. Nilitaka kupiga vigelegele!

Ila kurudi, gari tupu, alitaka usukani kutoka Kongowe. Amesema akinyang'anywa vyote kwa siku moja atakufa. Nikampa. Nikasimulia mpaka Kibiti. Kila tulipompita mtu kando ya barabara nilimtaja mara mbili.

Nimempa kwa nini? Nikiulizwa siku moja, nitajibu nini?

Jumatano, 14 Mei

Bi Johari kaniita ghalani. Nikajua ni kile kioo. Nikaingia nikiwa nimeshaandaa uongo.

Alikuwa anafunga kaa mwenyewe, kakaa kwenye kigoda, kamba mdomoni. Hakuinua kichwa. Amesema Ismaily, dereva wa Kanta ya pili, ameacha kazi, kaenda kuendesha malori ya Tunduru. Amesema oda ya Ijumaa ni mara mbili. Amesema Mtoro amenisifia – mikono tulivu, macho makali.

"Majaribio yako yamekwisha. Ijumaa Kanta ya pili ni yako. Mtoro ataendesha yake."

"Na nani?"

"Na nani vipi? Peke yake. Amekuwa peke yake miaka ishirini na saba."

Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Yakakaa pale. Akainua kichwa, akaniangalia muda mrefu, kama anangoja. Nikasema, "Ahsante, bosi."

Ahsante!

Nikamtafuta Mzee Mtoro. Alikuwa nyuma ya ghala anatawadha. Nikamwambia asiende. Aseme anaumwa. Akasema akisema anaumwa Ijumaa, Jumatatu kutakuwa na dereva mwingine. Nikamuuliza kwa nini alinisifia. Akashangaa. "Kwani uongo?"

Ana mpango. Nitangulie, yeye anifuate. Simu sikioni, mimi nasimulia. "Ni vilevile, ila tu tumekaa mbali mbali." Turubai langu litakuwa la rangi ya chungwa, hilo analiona.

Nilitakiwa kukataa. Nimesema nitafikiria. Wote wawili tunajua maana yake.

Ijumaa, 16 Mei

Saa saba na dakika ishirini mchana. Nimesimama kando ya barabara, nimepita Jaribu. Naandika nyuma ya hati ya mizigo kwa sababu daftari liko nyumbani na nisipofanya kitu kwa mikono nitapiga mayowe.

Tulipakia saa tatu. Njia ya udongo tukaenda vizuri, taratibu. Bungu tukaingia lami. Mimi mbele. Simu kwenye kishikio, spika. Baiskeli kushoto, nimeshaipita, nawe utaipita sasa hivi. Tuta. Watoto wa shule, wamesimama, hawavuki. Yeye anajibu "Nimekupata," "Nimekupata." Kwenye kioo namwona. Hata nikaanza kuamini.

Karibu na Jaribu lori la nguzo za umeme likaingia kati yetu. Nikamwambia, Mzee, lori limeingia, punguza, usilipite. Akasema nime– na simu ikakata.

Mtandao. Nimepiga mara kumi na moja. Hapatikani.

Lori limenipita. Nyuma yake hakuna kitu. Nikasimama, nikawasha taa za hazadi. Dakika tano. Dakika kumi. Magari mengine yanakuja, lake haliji. Nilitaka kugeuza, hapa hakuna pa kugeuzia, mtaro pande zote mbili umejaa maji.

Simu ikaita! Si yeye. Bi Johari. Gari lina kifaa cha kulifuatilia, ameona nimesimama.

"Kuna nini? Pancha?"

Nikamwambia. Yote. Jicho la kulia, la kushoto, mtu wa mkaa, kioo. Sauti yangu ilikuwa ya mtoto. Nikasema, "Bosi, Mzee Mtoro haoni."

 

"Najua," akasema.

Nikasema unajua nini?

"Subira, mimi si mjinga. Unadhani nilikuweka naye ufundishwe tu? Leo sikuwa na dereva mwingine. Atafika. Yule hufika siku zote. Wewe washa gari, hao kaa watakufa na jua hilo."

Nikamuuliza na watu je? Akasema geti linafungwa saa kumi. Akakata.

Kumbe siku ile ghalani alikuwa hangoji niseme. Alikuwa anaangalia kama nitanyamaza. Nikanyamaza!

Kaa wanakwaruzana huko nyuma. Wameanza kupungua sauti, au ni mimi sisikii. Ufunguo uko mahali pake. Sijawasha.

Mbele yangu kuna kijiji. Ni Ijumaa, wanaume wanatoka msikitini, wanavuka barabara makundi kwa makundi, kanzu nyeupe, wanazungumza, hawatazami. Nimepiga honi. Wamenipungia mkono.

Simu yake bado haipatikani.

Kwenye kioo naona Kanta. Inakuja. Haina taa. Iko katikati ya barabara, inakwenda moja kwa moja, haikwepi kitu.

Nimevua mtandio niupunge barabarani. Nashuka.