Gia ya Tano Bado Mpya

Jumamosi, 3 Januari 2026

Saadiya kaondoka leo na boti ya asubuhi, yeye na mtoto wetu Ulfat. Kazi yake mpya Dodoma inaanza keshokutwa. Wizarani! Ana ofisi yake, ana na kiti cha kuzunguka, washamtumia picha. Mimi nimebaki kuleta gari. Ndivo tulivokubaliana.

"Wiki moja, Anwar," kanambia bandarini, kidole juu.

Nikamwambia gari si sufuria, huitii kwapani ukenda nayo. Lazima mtu akae afikiri. Mpaka Dar hapana mjadala, bahari ipo, inapakiwa meli. Lakini Dar mpaka Dodoma? Niipandishe juu ya lori la kubebea magari, ifike imekaa kitako kama bibi harusi? Au niiendeshe mwenyewe?

"Si uiendeshe? Wewe si mwalimu wa udereva?"

Suali gani hilo! Ndiyo, mwalimu. Nusu ya madereva wa mji huu wamepita mkononi mwangu, na yeye mmoja wao — nilimfundisha pale uwanja wa Maisara, kabla sijamposa. Mpaka leo anakata kona pana.

Na hii Carina si gari ya mtu wa kawaida. Ni gari ya skuli. Ina breki mbili: ya dereva, kulia, na ya mwalimu, kushoto. Miaka yote nimekaa kushoto, mguu juu ya breki. Hapana mtu Unguja nzima anaeijua breki kama mimi.

Jumatatu, 5 Januari

Jioni nimelipeleka suala barazani, Mkunazini. Simai ndie aliesema sana, kwa sababu yeye bara anaijua — alikwenda Dar kutazamwa macho akarudi. Kasema huko malori ni marefu kama mtaa, na hayampishi mtu. Mwengine kasema ukiipandisha lorini wataifunga minyororo, rangi yote itachunika. Mwengine, ambae hajavuka hata kwenda Tumbatu, kasema dawa ni kuiuza. Wote walisema kwa yakini kubwa. Kahawa ikaisha. Tumekubaliana kuwa suala ni zito, tutaendelea kesho.

Saadiya kapiga simu. Wamefika salama. Kauliza, "Barazani wamesemaje?"

Nani kamwambia!

Alhamisi, 8 Januari

Balaa. Kibali cha gari kwenda kutembea bara kimetoka! Nilikuwa nahisabu watanizungusha mwezi mzima — njoo kesho, mwenyewe hayupo, mashine mbovu. Nimepeleka karatasi asubuhi, kabla ya adhuhuri wameniita. Kijana wa dirishani kanichekea na meno yote. Miaka yote tunawasema kwa uvivu, na siku wanayoamua kufanya kazi ndiyo siku yangu.

Jumatatu, 12 Januari

Sikukuu ya Mapinduzi. Ofisi zimefungwa, meli ya mizigo haipakii. Hapana la kufanya.

Nimelala vizuri sana.

Jumatano, 14 Januari

Leo baada ya alfajiri nimeitoa Carina kwenda kuijaribu njia ya Tunguu. Si kwamba nna wasiwasi! Gari tu ilitaka kunyooshwa miguu. Gia ya tano haijaguswa tangu niinunue. Maisara, mzunguko wa Michenzani, Mnazi Mmoja, kurudi — huko gia ya tatu inatosha, ya nne ni kujionesha. Nikasema leo naitia.

Nimefika pahala paliponyooka. Njia tupu. Nimekanyaga klachi, mkono juu ya gia, bismillahi — na lori la mchanga likanipita ubavuni, na honi ile! Nimekanyaga breki. Khalafu mguu wa kushoto nao ukaenda kukanyaga breki yake, ile ya mwalimu, ambayo iko upande wa pili wa gari. Ukawa unaitafuta chini peke yake.

Nimerudi mjini kwa gia ya pili. Gia ya tano bado mpya, mtu angeweza kuirudisha dukani.

Nishaamua: lori. Si woga. Ni kuitunza gari.

Jumapili, 18 Januari

Saadiya kapiga. Hakuanza na salamu ndefu. Kasema Ulfat kila jioni anauliza kama baba kapotea. Kasema Ramadhani hiyo inakuja, na yeye hataki kufuturu peke yake na mtoto katika mji asioujua. "Ikikushinda gari, iuze, panda treni uje. Mimi nimeolewa na wewe, sikuolewa na Carina."

Niiuze! Na Dodoma nikafundishe udereva kwa kitu gani, kwa kiti cha kuzunguka?

Khalafu kasema polepole, "Au hutaki kuja, Anwar? Sema tu, nijue."

Hapo nikashituka. Nikamwambia nnakuja, gari inapakiwa Jumatano, na Dar kuna lori limeshapatikana.

"Lori," karejea. Ile "lori" alivoisema sikuipenda. Kakata simu.

Nimemkumbuka. Nyumba imekuwa kubwa, nakula mkate na chai kama mgeni katika nyumba yangu mwenyewe. Hili sikumwambia. Ningemwambia.

Jumanne, 20 Januari

Meli inapakia kesho. Wenye meli wamesema gari iwe tupu, wenye lori wamesema hivohivo. Nimewatangazia jamaa wote: sibebi vifurushi! Kutwa nzima nimekuwa nikirejesha watu mlangoni. Halua, rudi nayo. Samli, rudi nayo. Vitumbua — vitumbua, vikafike Dodoma! — nimevila hapohapo. Wamenuna, lakini nimesimama imara kama askari.

Magharibi kaja mama mkwe, Bi Mashavu, kutoka shamba Kizimbani, na pakacha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Haya ya Saadiya."

Madoriani! Matunda manne ya miba, yameiva, yananuka kama mzoga, mtaa mzima ushajua. Nikamweleza kwa adabu kuwa gari inatakiwa tupu. Kanitazama. Kasema Saadiya alipokuwa na mimba ya Ulfat hakula kitu ila doriani, na huko alikokwenda hataliona hata kwa ndoto. Lakini kama ni taabu basi, haidhuru. Atalichukua pakacha lake arudi nalo Kizimbani. Kwa miguu.

Kwa miguu! Mama mkwe, na pakacha kichwani, kiza hichi, na mimi nimesimama mlangoni natazama! Mji huu ningekaa na nani?

Nimeyafunga gazeti, juu yake gunia, nimeyatia kwenye shimo la tairi la spea na kufunika zulia. Kesho meli, keshokutwa Dar, lori, Dodoma. Yatafika kabla hayajasema kitu.

Ijumaa, 23 Januari

Upepo wa kaskazi umechachamaa. Meli imepakia tangu juzi na haijatoka. Carina imo ndani, vioo juu, bati linachemka.

Baada ya sala ya Ijumaa nimekwenda bandarini kuulizia. Baharia mmoja, kitambaa puani, kanambia watatoka usiku inshaallah, ila kwanza wanatafuta panya. Kuna panya kafa huko chini, na wanavohisi ni wakubwa, na si mmoja.

Nikamwambia Mungu atawaonesha.

Jumamosi, 24 Januari — Dar

Fedheha.

Meli imefika. Carina imetolewa, nimeiendesha mwenyewe mpaka yadi ya malori, si mbali na bandari, vioo vyote chini, kichwa nje. Lori lilikuwa lishapakia gari jipya jeupe la mkubwa mmoja. Nafasi ya nyuma yake ndiyo yangu. Dereva wa lori, mtu wa Singida, mrefu, mpole, kaizunguka Carina. Kafika nyuma kasita. Kanusa.

"Mzee," kaniuliza, "nani yumo humo ndani?"

Hakuuliza nini. Kauliza nani!

Kaita mlinzi, mlinzi kaita polisi. Watu wakajaa, mkono mmoja puani, mmoja umenyanyua simu kupiga picha. Askari kaniamuru nifungue buti mwenyewe. Yeye kasimama mbali. Nimefungua. Nimetoa zulia, wakarudi nyuma. Nimetoa gunia, mama mmoja akaanza kuomba kwa Yesu. Nimefungua gazeti.

"Tunda," nikasema. "Linaliwa."

Hakuna alieamini. Basi nikalipasua nikala palepale, mbele ya serikali, rojo lake linanichuruzika mpaka kwenye kanzu. Na tamu kweli! Askari kasema hana kesi ya kuandika, kaenda zake. Dereva wa lori ndio kazidi kunitilia shaka. Kasema hachukui. Harufu ile itaingia kwenye gari la mkubwa, na yeye ana watoto. Nikamwambia nayatoa. Kasema harufu ishahamia vitini. Nikamwambia naongeza nauli. Kapanda, kapiga honi, kaondoka.

Wengine wa yadi nao wamekataa. Wale waliopiga picha wamewaonesha.

Nimempigia Saadiya nikamweleza yote. Nilitaraji atafoka. Badala yake kauliza: "Yamebaki mangapi?"

"Matatu."

"Usiyatupe. Nnakuja na treni ya asubuhi."

Jumapili, 25 Januari — njiani, tumeipita Chalinze

Kaja. Ulfat kamuacha kwa jirani. Hata hajanipa mkono, kaenda moja kwa moja kwenye buti, kapasua doriani kwa kisu cha mlinzi, kala kasimama, kafumba macho. "Mama huyu!" kasema, huku anacheka, huku machozi yanamtoka. Nimemtazama nikaona nilikuwa mjinga kukaa mbali nae kiasi hichi kwa ajili ya bati.

Khalafu kaingia kushoto. Pahala pangu! Kafunga mkanda. "Haya, mwalimu."

Nimeendesha. Naandika hapa ili isije ikasemwa vyengine: kutoka Dar nimeendesha mimi! Sijapata kuona njia nzuri kama ile. Foleni mwanzo mwisho. Gia ya kwanza, ya pili, breki, ya kwanza. Kazi yangu hasa. Nilikuwa namfahamisha Saadiya nafasi ya kuacha baina ya gari na gari, na watu wa pembeni wanavokosea. Kanisikiliza, anakula.

Kupita Mlandizi foleni ikafunguka. Na hapo malori. Simai kasema kweli, marefu kama mtaa, mbele lori, nyuma lori, na lile linalokuja linakuja upande wangu. Gia ya nne, injini inapiga kelele.

"Tia ya tano," Saadiya kasema.

Nikamwambia bado haijapata moto.

Kitu kilichonitisha zaidi ni miguu yake. Kavua viatu kapandisha miguu kitini, mbali kabisa na breki. Nikamwambia weka mguu chini, weka kwenye breki, una kazi hapo.

"Kazi gani? Si unaendesha wewe?"

Njia nzima hakuigusa. Hata yale malori mawili yalipokuwa yanakimbizana mbele yetu, hakuigusa. Mimi sijapata kumfanyia hivo mwanafunzi hata mmoja. Wala yeye sikumfanyia.

Baada ya Chalinze nimeweka pembeni, nikasema natazama tairi. Tairi zote nzima. Nimezitazama mara nyingine. Khalafu nimekaa juu ya jiwe, na maneno yakatoka yenyewe: "Saadiya, mimi naogopa."

"Nnajua," kasema. "Tangu Maisara nnajua. Nilikuwa nakisikia kiatu chako kinavolia juu ya breki, hata gari imesimama."

Hakucheka. Ningependa angecheka.

Kasema kesho asubuhi ana kikao, na mtoto yuko kwenye nyumba ya watu. Tutakwenda, gari haitabaki hapa wala sisi hatutabaki. Ama niendeshe mimi, ama yeye. Nikamwambia haraka: endesha wewe, mimi nitakaa kushoto. Kushoto nimezoea.

"Vyema," kasema.

Kayachukua madoriani mawili yaliobaki, na miba yake, kayatia chini kule kushoto, juu ya breki ya mwalimu. Yamekaa barabara, huna pa kupenyeza hata kidole. "Miguu utaiweka kitini," kasema, "kama mimi." Khalafu kafungua mlango wa kulia. Kafungua na wa kushoto. Mwenyewe kaja kusimama mbele ya gari, mikono kifuani.

"Unaandika nini hapo?"

"Hisabu ya mafuta."

"Ukimaliza, chagua mlango."

Lori jengine limepita sasa hivi, upepo wake umenirusha kofia. Kaenda kuiokota yeye. Kaipangusa vumbi, kaivaa juu ya mtandio wake, kaegemea boneti, ananitazama. Injini inawaka. Milango yote miwili iko wazi.

Sijamaliza kuandika.