Yakobo wa Kwenye Shuka

Jumamosi, 1 Agosti
Jua kali. Dagaa wamekauka, nimeanua mapema, nimekwenda kigangoni. Katekista alitaka nifasiri filamu ya Yusufu, maana hapa Katonga Kiingereza changu ndicho kinachotegemewa. Shuka jeupe ukutani, jenereta inakohoa, mimi na kipaza sauti. Hakuna muda wa kufikiri. Unachokiona ndicho unachosema, mara Kiswahili, mara Kirundi.
Yakobo analetewa kanzu yenye damu. Analia. Kisha wanawe wanamnyanyua, wanamnawisha uso. Anavua gunia la maombolezo, anakula nao. Nikasema, "Yakobo akafarijika." Watu wakashusha pumzi. Mama, pale mbele, hakushusha.

Jumapili, 2 Agosti
Nimefungua Mwanzo, sura ya thelathini na saba. Yakobo alikataa kufarijiwa. Alikataa! Mama ameishi na maneno hayo tangu kaka yangu Renovati alipopotea tukikimbia kutoka Burundi. Hatukuona maiti. Msiba tulikaa, lakini kuganduka, ile sherehe ya kuumaliza, Mama hataki. Na bila kuganduka hakuna harusi nyumbani kwetu. Damasi wa Simbo amenisubiri mpaka namwonea haya.
Nimefunga kitabu. Sijamwambia mtu. Nimefurahi, na nimejichukia kwa kufurahi.

Jumatano, 5 Agosti
Baba Mdogo Pontiani amefika kutoka kambi ya wakimbizi. Kibali cha wiki moja. Habari za filamu amezipata njiani.
"Shemeji, hata Yakobo alinawa uso," akamwambia Mama. "Wewe nani?"
Mama akanigeukia. Ni kweli alikula?
Nikajibu ndivyo filamu ilivyoonyesha. Jibu la mwoga.
Amekubali. Kuganduka ni Jumatatu. Pombe ya mtama imeshaanza kuandaliwa.

Ijumaa, 7 Agosti
Usingizi hakuna. Mama ameanua dagaa wabichi, hakuona. Amelitoa shati la Renovati sandukuni, amelifua, amelikunja. Siku ya kuganduka vitu vya marehemu hugawiwa.
Damasi amepita na baiskeli, meno yote nje. Nilitaka kumkumbatia, nilitaka kumpiga.
Aliyetengeneza filamu ile alikuwa na haraka ya kwenda wapi? Misri safi kama hoteli, sawa. Ngamia wanono wakati wa njaa, sawa. Lakini machozi ya mzee wa watu yalimkosea nini?

Jumamosi, 8 Agosti
Filamu imerudiwa kwa waliokosa. Mama amekuja tena, amekaa palepale. Yakobo akavua gunia. Mdomo wangu ukakataa. Picha zinakwenda, mimi kimya, watu wanageuka kunitazama.
Nikasema, "Hapa wamebadilisha. Kwenye Biblia alikataa kufarijiwa. Na Yusufu alikuwa hai."
Kelele. Baba Mdogo akasimama. "Fasiri filamu, acha kuhubiri!" Mama akatoka nje.
Nimeivunja harusi yangu mwenyewe, tena kwa kipaza sauti. Nimelia njia nzima.

Jumapili, 9 Agosti
Baada ya misa Mama akaniambia nilete kitabu. Nimesoma mpaka pale alipokataa.
"Endelea."
Sura ikaisha.
"Endelea, mwana wanje." Mwanangu, kwa Kirundi chetu.
Sura inayofuata, Yuda, mwana mwingine wa Yakobo, anashuka kwa rafiki yake, anamwona binti, anaoa. Filamu iliiruka yote. Mambo ya Yuda si ya kuonyesha kigangoni.
"Baba yake bado analia?"
"Bado, Mama."
"Na mtoto akaoa."
"Akaoa."
Mama akacheka. Sijamsikia akicheka tangu tuvuke. Akamwita Baba Mdogo, akamwambia kuganduka hakuna, Jumatatu waje wazee wa Damasi. Baba Mdogo akapandisha sauti: mila je, na pombe je? Mama akasema mtama ni uleule.

Jumanne, 11 Agosti
Wazee wa Damasi walikuja jana. Baba Mdogo alinuna, lakini alikunywa, na ndiye aliyenisemea. Leo amerudi kambini. Harusi kabla ya mvua.
Mama hatavua kitambaa chake cheusi siku hiyo. Amesema nisimwombe. Sitamwomba.
Shati limerudi sandukuni. Nimemuuliza kiti cha Renovati tukiweke wapi siku ya harusi. Amesema karibu na mlango, asipate tabu ya kupita katikati ya watu.