Bolti Tano Kwenye Kopo la Maziwa

Jumatano. Manyunyu tangu alfajiri, na Tandika yote inanuka udongo na mkaa uliolowa. Nimeamka na pumzi ya kutosha kukaa kwenye kiti, kwa hiyo naandika.

Saa mbili kasorobo ndege ndogo imepita juu ya bati letu ikielekea uwanjani. Injini moja. Nimeisikiliza mpaka ikapotea, kama ninavyofanya kila asubuhi, na leo nataka kusema kwa nini.

Nilikuwa mtunza stoo ya vipuri kwenye banda la ndege ndogo za watu binafsi, mwanamke peke yangu kati ya mafundi. Waliniita Mama Kadi, maana hakuna kipuri kilichopita mikononi mwangu bila kadi: ya kijani kwa kizima, nyekundu kwa kilichokufa.

Kilichonishangaza tangu siku ya kwanza ni bei. Bolti ya kufungia propela, ndefu kama kidole changu cha kati, ilikuwa ghali kuliko mbuzi wa Idi. Nikaenda duka la vipuri vya magari, nikanunua bolti ya unene uleule kwa bei ya soda, nikazilaza mezani pamoja na kuzichungulia kwa kioo cha kukuzia. Sikuona tofauti yoyote.

Nilikuja kuelewa polepole. Ukinunua bolti ya ndege unanunua na habari zake: chuma kiliyeyushwa wapi, nani aliipima, wenzake wangapi walivunjwa makusudi ili ijulikane wanavumilia nini, ilikaa rafu ya nani. Halafu ndege zenyewe ni chache, kiwanda hakitengenezi kwa malori, na mwenye kiwanda anajua ikikatika moja atasimama mahakamani. Yote hayo yako ndani ya bei. Na mwisho kabisa wa mnyororo huo nilikaa mimi na kalamu yangu.

Sheria yetu ilikuwa hivi: bolti ikitimiza saa zake za kuruka inatolewa, hata kama inang'aa. Mtunza stoo anaikata vipande viwili kwa msumeno wa chuma, kisha anaandika kitabuni kwamba imeharibiwa. Siku moja nililetewa sita kwa mpigo. Nilishika msumeno nikashindwa. Niliona kama kumwaga maziwa ya mtoto. Nikaandika zimeharibiwa, nikasaini, nikazitia kwenye mkoba na kuja nazo nyumbani.

Huo ni uongo wa kwanza, na ndio mdogo.

Mwaka uliofuata ndege ya Kapteni Faraji ilikaa chini wiki saba ikisubiri bolti moja kutoka ng'ambo. Ile waliyoitoa ilikuwa imeliwa meno, na mpya bei yake ilimshinda, akawa anachangisha kwa ndugu. Kila siku alikuja kuegemea dirisha la stoo.

"Mama Kadi, bolti moja tu! Ndege nzima imegeuka banda la kuku kwa sababu ya bolti moja?"

Na kweli kuku wa mlinzi alikuwa ametaga kwenye kiti cha nyuma. Tulicheka. Kesho yake nilikuja na bolti moja kati ya zile sita, niliyoichagua kwa kung'aa kwake. Nikaiandikia kadi ya kijani. Fundi aliifunga bila kuuliza, kwa kuwa kadi ilikuwa ya kwangu. Faraji aliniletea kanga ya ahsante. Bado ninayo.

Aliruka miaka mingi, akafia kitandani kwake kwa uzee. Ndege ikauzwa bara. Kama walibadilisha bolti zote au waliiamini kadi yangu, sijui.

Leo asubuhi binti yangu Mwajuma alikuwa akitafuta daftari langu la kliniki chini ya kitanda. Akaliona kopo la maziwa, na ndani yake bolti tano zilizopakwa grisi. Akasoma namba zake, akaziingiza kwenye simu, akatoka uani anapiga kelele.

"Mama! Umelalia mali yote hii, sie tunahangaika na dawa za figo?"

Alikuwa ameshatuma picha kwa mtu wa kutoa mizigo bandarini, kule Kurasini. Yule bwana alisema atakuja jioni kuzinunua, na aliuliza jambo moja tu: zina karatasi? Mwajuma akamjibu zinazo. Maana humo koponi kulikuwa pia na kadi tano za kijani, tupu. Niliziweka mwenyewe. Sikuwahi kujiuliza nilikuwa naziwekea nini.

Nikamwambia yote. Akakaa kwenye mkeka.

"Lakini Mama, mbona zinang'aa? Zina ubaya gani?"

Swali langu lilelile la miaka yote. Nikamwomba mafuta ya taa na kipande cha chaki.

Kuna fundi mzee aliyenifundisha. Unaloweka chuma kwenye mafuta ya taa, unakifuta kikauke kabisa, unakipaka unga wa chaki, unangoja. Penye ufa, mafuta yaliyojificha ndani yanarudi juu na kuchora mstari kwenye chaki.

Njia hii niliijua siku ile ya Faraji. Mafuta yalikuwepo stoo. Mimi niliyechungulia kila kitu kwa kioo, siku hiyo sikutaka kuona. Hilo ndilo ninaloliungama.

Bolti nne zilibaki nyeupe. Ya tano, iliyokuwa nzuri kuliko zote, ilianza kujichora chini ya kichwa, mstari mwembamba kama unywele, ukazunguka robo nzima.

Mwajuma aliutazama muda mrefu. "Na ile ya sita?"

"Iling'aa kuliko hii."

Akampigia mtu wa Kurasini kumwambia asije, kisha akamwita Chilumba, fundi wetu wa kuchomelea mageti.

"Shikamoo Bibi. Ah, chuma kitamu hiki! Mnakiulia nini? Nipeni nifungie geti la shekhe."

"Kata, baba. Zote. Mbele yangu."

"Leo Bibi mkali kama bosi wa Kihindi," akasema, akawasha grainda. Cheche ziliruka mpaka kwenye ndoo. Nimevitazama vile vipande kumi kwa karibu. Ndani ni chuma tu. Kadi tumezitia jikoni, zimewaka mara moja.

Herufi za mkiani mwa ndege ya Faraji ninazikumbuka kama jina la mwanangu. Nimezitaja, Mwajuma amezichapa kwenye barua ya kwenda mamlaka ya usafiri wa anga, na chini yake nimesaini mwenyewe.

"Watakufunga, Mama?"

"Wafanye haraka, basi."

Amecheka huku akifuta macho. Kesho ataipeleka. Saa mbili kasorobo ile ndege ndogo itapita tena juu ya bati, nami nitaisikiliza.

Ninaomba jambo moja tu, pumzi za kungojea jibu. Vyovyote litakavyokuwa. Safari hii nataka kujua.