Kikohozi Kilichovunja Kamani

Karakana ya Bwana Muschet,
Doune, Uskoti.
26 Septemba 1768

Mpendwa kaka Torquil,

Kabla hujaendelea, nakusihi: haya yabaki kwako peke yako. Usimsomee mtu, na ukimaliza ichome barua hii. Neno moja likimfikia Bwana Muschet, baba yako atapoteza kazi na nyumba kwa pamoja.

U hali gani huko Rotterdam? Kifua chako kinavumilia unyevu wa ile mifereji? Sisi tu wazima. Mama mkubwa Grizel bado anaoka mikate ya shayiri migumu kama soli, na bado hapendi kuambiwa.

Sasa habari za baba yako, Baba mkubwa wangu. Macho yake yameingia ukungu. Tupa anaitumia vizuri, maana vidole vyake vinaona. Mtambo wa bastola ya gumegume anaouchonga yeye bado unafunga bila kelele. Shida ni kamani, ile springi inayorusha jiwe likapige chuma na kutoa cheche. Unajua mwenyewe: ikishagumishwa hupashwa tena moto polepole, igeuke rangi ya majani makavu, hudhurungi, zambarau, na ikifika buluu iondolewe papo hapo. Buluu hiyo haioni tena. Kwake yote ni majivu.

Tangu Aprili mimi ndiye macho yake. Tulikubaliana hivi: nasimama karibu na moto na daftari langu, kama ninayeandika orodha ya vifaa, na buluu ikifika nakohoa. Bwana Muschet alikwisha kunitania: "Karani, tangu lini wino ukakaushwa kwenye makaa?" Nilicheka, nikafungua ukurasa mpya.

Wiki iliyopita moshi ulinikaba. Nikakohoa kikohozi cha kweli, kamani ikiwa bado hudhurungi, na Baba mkubwa akaiondoa ingali ngumu mno, rahisi kukatika. Jumamosi Bwana Muschet alipoijaribu bastola ile, moja ya jozi ya kapteni fulani, kamani ikakatika mkononi mwake.

"Lachlan," alisema, "miaka thelathini sijaona kamani yako ikikatika. Umelewa?"

"Bora ningelewa, bwana," akajibu Baba mkubwa. "Ningekuwa na kisingizio."

Hakunitaja. Nami nilisimama pale na kalamu yangu, sikujitaja. Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Chuma kipya cha kamani kitafika mwanzoni mwa Novemba, na Bwana Muschet ameapa kusimama mwenyewe hapo motoni. Watu wote watatoka, karani akiwa wa kwanza. Akimkuta haoni, wazee watahamishwa Siku ya Mtakatifu Martin, tarehe 11 Novemba, wapangaji wanapotolewa. Mtu mmoja tu hawezi kumtoa: mwana wa fundi avutaye mivukuto ya kupulizia moto. Desturi yetu unaijua, mwana huitaja rangi kwa sauti ili ajifunze, na hakuna aliyewahi kusema ni mpaka umri gani.

Najua alikuambia mbele ya mafundi kwamba huna jicho la rangi, ndiyo sababu ukaondoka. Juzi nilimuuliza kama ilikuwa kweli. Aliipangusa tupa yake muda mrefu.

"Yule mpuuzi aliiona buluu kabla yangu," akasema. "Wewe ungemwambia nini mbele ya mafundi wote?"

Hajui kama nakuandikia. Dada yangu Isobel anakusalimu sana, na Mama mkubwa angekusalimu kama angejua. Mungu akutulizie bahari.

Usijibu kwa anwani ya karakana, barua zetu hufunguliwa. Andika kwa mjane Effie wa kinu cha darajani. Mimi huenda kwake kila Jumamosi kuchukua unga. Lakini bora uje mwenyewe, kabla ya Novemba. Shukia kwake, aniite, nami nitakuingiza kwa mlango wa makaa. Baba mkubwa hatakuona. Shika mivukuto, simama kushoto kwake, na buluu ikifika usikohoe. Sema, aisikie sauti yako.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukungoja,
Ninian