Sifa za Mtunza Maktaba

Jumatatu, 2 Oktoba 2023. Bwiza

Mwaka wa ishirini na saba tangu vita vinivushe mpaka kutoka Uvira, mji wetu, hadi mtaa huu. Bado nahesabu. Sijui kwa nini.

Asubuhi, kazi ya kawaida ya kuwaandikia watu karatasi za ajira. Mwenye duka la dawa anataka nimwandikie tangazo la mfanyakazi. Awe mwaminifu, mwenye bidii, mpenda kazi. Nikamuuliza mtu huyo atafanya nini akishafungua mlango. Akakiri kwamba mtu mwenyewe yupo, mtoto wa dada yake. Anataka tu karatasi imkae vizuri.

Karibu wote hapa ndivyo wanavyofanya. Wanamchagua mtu kwanza, halafu wananiletea nimshonee kazi kama suruali. Nimekataa. Karatasi ya kwanza inaeleza kazi. Ya pili inaeleza anayeifaa, na kila sifa ya pale lazima iwe na sababu yake kwenye karatasi ya kwanza. Isiyo na sababu naifuta. Ameondoka amenuna. Atarudi, hurudi wote.

Jumatano, 4 Oktoba

Amekuja Furaha, binti wa marehemu Bahati, niliyefundisha naye Uvira. Siku hizi anaongoza kamati ya wazazi ya shule moja kule. Wamepata chumba na vitabu. Wanatafuta mtunza maktaba, na wanataka mimi niandike kazi yake.

Nimefurahi kupita kiasi. Sijawahi kuandika kazi hii. Nilidhani naijua kwa sababu nasoma vitabu. Ni sawa na kudhani unajua kupika kwa sababu unakula.

Alhamisi, 5 Oktoba

Nimeshinda kwenye chumba cha kusomea cha parokia, nikimtazama mama anayekitunza. Nilitarajia utulivu. Nimeona mchwa, mikono yenye mawese, kurasa zilizochanwa kufungia sambusa. Baada ya mvua anaanika vitabu kama muhogo. Asiyerudisha kitabu anafuatwa hadi kwao. Nikamuuliza kama yeye husoma. Akacheka: kazini, saa ngapi?

Siku nzuri sana. Nimejaza kurasa.

Jumamosi, 7 Oktoba

Nimezungumza na Furaha kwa simu. Dirisha linatazama wapi? Paa likoje? Maji je? Mvua kubwa ikipiga milimani, amesema, korongo linamwaga maji hadi kizingitini. Nani atainua vitabu? Hawajafikiria.

Kisha nikauliza kama baraza la matofali kwenye kona ya mtaa wetu wa zamani bado lipo. Kama bado wanauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, pale. Nani anakaa nyumba yetu. Amejibu yote kwa subira. Baada ya kukata simu nikaona kwamba maswali ya mwisho hayakuhusu kazi ya mtu yeyote.

Jumatatu, 9 Oktoba

Nimemaliza. Awe amefundisha miaka mingi. Asome Kifaransa kigumu. Ajue Kifuliiru, lugha ya wenyeji wa kule. Aukumbuke mji ulivyokuwa kabla ya vita, awaeleze watoto. Karatasi nzuri.

Mke wangu Seraphine, mzaliwa wa hapa Bwiza, husoma kila ninachoandika kabla hakijatoka nyumbani. Ameisoma huku anachambua mboga ya lengalenga.

"Apana, Mzee. Hii umeandikia mutu moja tu. Na huyo mutu analala kwangu."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nimemtumia Furaha karatasi kama ilivyo. Ukaidi.

Jumanne, 10 Oktoba

Furaha amepiga simu. Kamati imeipenda. Tatizo, hakuna mtu Uvira mwenye sifa hizo.

"Papa, si ukuje tu weye? Nyumba ya kulala haikosake."

Nilikuwa naisubiri sentensi hiyo. Nikauliza kama kuna mwingine aliyeomba. Yupo binti mmoja, Neema, amemaliza sekondari, anakaa nyuma ya shule. Hajawahi kufundisha, kwa hiyo wamemwambia hafai. Nimesema nitafikiri.

Jumatano, 11 Oktoba

Nimemweleza Seraphine maneno ya simu. Ameshona kifungo cha koti langu la safari. Heri angegomba.

Uvira si mbali. Unapita Gatumba, unavuka mpaka, umefika. Mvua ikisafisha anga naiona milima yake kutoka ufukweni mwa ziwa. Umbali haujawahi kuwa sababu. Naogopa kwenda. Naogopa pia kusema siendi.

Ijumaa, 13 Oktoba

Nimeweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu, kama ninavyowafanyia wengine.

Kufundisha miaka mingi: kwenye kazi hakuna panapotaka hilo. Nimefuta. Kifaransa kigumu: watoto ni wa shule ya msingi. Nimefuta. Kuukumbuka mji ulivyokuwa. Hapo nimeisoma karatasi ya kwanza mara tatu. Hakuna panapotaka hilo pia. Nimefuta.

Kisha kazi yenyewe ikadai sifa nilizoziruka. Aweze kuinua sanduku la vitabu hadi rafu ya juu. Nimejaribu na sanduku langu. Limebaki sakafuni. Awajue wazazi wa leo na nyumba zao. Mimi nawajua babu zao. Awe mkazi wa Uvira, karibu na shule, awahi kabla ya maji.

Nimeona aibu. Nimemshonea mtu suruali, na mtu mwenyewe ni mimi.

Hata ile kazi sikuitaka. Niliutaka mji wa zamani, na hakuna mwajiri anayeutoa.

Karatasi mpya imeondoka kabla sijabadili nia. Nimemwomba Furaha wamwite tena yule binti.

Jumapili, 15 Oktoba

Neema amepata kazi. Furaha anasema jambo la kwanza aliloiuliza kamati ni nani atamletea mbao za kupandisha rafu ya chini. Swali zuri. Ningependa kujua jibu.

Nimemtengea baadhi ya vitabu vyangu. Furaha atavibeba akija.

Mvua ilinyesha alfajiri. Baada ya misa tumetembea hadi ufukweni, na milima imeonekana yote, hadi mikunjo yake. Seraphine alinishika mkono. Tuliporudi alitundika koti langu mahali pake, nyuma ya mlango.

Mimi ni mkazi wa Bwiza. Sitarudi.